Mwanamke wa Nyumba ya Tatu

Vitabu vyake viwili vya kwanza havikumsumbua Pyo Geumran kuvihariri upya. Alivikalia miezi minne kila kimoja, akakata maneno ya mbwembwe, akawanyamazisha wahusika waliokuwa wakihutubia badala ya kuongea, akachapa nakala mia tatu tatu na kuzipeleka mwenyewe kwenye vile viduka vya vitabu ambavyo huuza na kahawa ili vipate kodi ya pango. Kampuni iliyomchapa zamani ilikwisha kufunga milango na haki zikamrudia. Akiwa na miaka hamsini na mmoja aliapa kwamba hatampigia mtu magoti tena. Atajihariri mwenyewe, atajichapia mwenyewe, na makosa yote yatakuwa yake.

Cha tatu ndicho kilichomshinda, na hicho ndicho kilichompa jina. Kilihusu mgodi wa makaa wa Muksan, mji wa milimani alikozaliwa, na asubuhi moja ya mwezi wa tatu mwaka 1977 iliyowameza wanaume kumi na mmoja, baba yake akiwa mmoja wao. Kalamu yake nyekundu ilifika ukurasa wa arobaini na moja ikagoma. Kila siku aliufungua ukurasa ule, akausoma, kisha akainuka kwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Palikuwa na mistari mitatu tu ya kumkosesha raha: «Mwanamke wa nyumba ya tatu alitoka na ndoo, kitambaa cha manjano kichwani, akakata njia mbele ya wanaume waliokuwa wakienda zamu. Walisimama. Kisha mmoja akacheka, wakaendelea.»

Pale Muksan mtu wa mgodini hakatiwi njia na mwanamke asubuhi. Wali wake haupakuliwi miiko minne. Viatu vyake huwekwa ncha zikitazama ndani ya nyumba, ili miguu ikumbuke kurudi. Anayetaka kucheka na acheke. Waliokuwa wakishuka mita mia sita chini ya ardhi hawakuwa wakicheka, na aliyekatiwa njia aliweza kugeuka akarudi kulala, na hakuna aliyemwita mvivu.

Sasa ukweli ni huu: hapakuwa na mwanamke asubuhi ile, wala ndoo, wala kitambaa. Palikuwa na msichana wa miaka tisa mwenye tumbo la kuendesha, suruali ameishikilia kiunoni, akikimbilia vyoo vya jumuiya ng'ambo ya njia. Wanaume walisimama. Mmoja alisema siku imekwisha kuharibika, heri warudi. Baba wa yule msichana aliona aibu mbele ya wenzake, akasema, "Ni mwanangu huyo. Mtoto hahesabiki. Twendeni." Wakaenda. Mama, aliyekuwa mlangoni, alimngoja binti yake atoke chooni, akamziba mdomo kwa kiganja kilichonuka kitunguu saumu. "Leo hukutoka nje," alimwambia. "Ulikuwa umelala."

Msichana huyo ndiye Geumran. Alipoandika kitabu kile alikuwa na miaka thelathini na mitatu na bado hakuwa na moyo wa kujiweka ndani yake, akajigeuza mwanamke mzima, akajitwika ndoo. Na ile nyumba? Kwao ilikuwa nyumba ya nne katika safu ya nyumba za kampuni. Lakini nne ni namba ya mauti. Hospitali huiruka, lifti huiruka, na nani angeiandika kwenye kitabu chenye maiti kumi na moja? Mkono wake wenyewe uliandika tatu. Wala hakufikiri mara mbili. Alisahau kwamba nyumba ya tatu nayo ilikuwa na watu.

Aliyekaa humo alikuwa Maeng Ok-bun, ambaye watu humwita Mama Du-man, na mumewe alikuwa miongoni mwa wale kumi na mmoja.

Tume ya uchunguzi ilisema ni gesi, hakuna wa kulaumiwa. Wafiwa wakakaa na jibu hilo miaka ishirini na minne, na jibu la namna hiyo halishibishi mtu. Ndipo kilipokuja kitabu. Kimeandikwa na yatima wa palepale, kimesifiwa magazetini. Nani angesema kinadanganya? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwanza waliacha kumwita Mama Du-man siku za kutia kabichi chumvi kwa ajili ya majira ya baridi. Kisha kamati ya wafiwa ikamtumia mtu kumwomba, kwa adabu zote, kwamba siku ya tambiko la kila mwaka la kuwakumbuka marehemu asipande mlimani asubuhi na wenzake. Apande saa nane, wakishashuka.

Geumran alipata habari hizo mwaka uliofuata, kwa simu, kutoka kwa mama yake. Alisema atakwenda kuwaambia.

"Uwaambie nini?" mama yake alimkatiza. "Kwamba baba yako ndiye aliyesema twendeni? Watu kumi wengine wana watoto, Geumran. Mimi naishi hapa, si wewe. Nyamaza."

Akanyamaza. Alinyamaza miaka kumi na minane, na tusimtafutie udhuru, kwa sababu katika miaka hiyo aliandika vitabu vingine vinne na katika vyote watu wake walikuwa wakisema ukweli kwa ujasiri mkubwa. Mama yake alifariki Novemba. Januari kalamu ikagoma. Mwezi wa pili Geumran akapanda basi kwenda Muksan.

Safu ya zamani ilikuwa imebaki na wakazi watatu. Mama Du-man alikuwa amekaa sakafuni juu ya blanketi la umeme, akinyofoa mizizi ya chipukizi za soya.

"Nani huyo? Mtoto wa nyumba ya nne?" Alimtazama juu hadi chini. "Umenenepa. Ingia, funga mlango, unanitolea joto."

Geumran aliingia, akaketi, akachukua fungu la chipukizi naye akaanza kunyofoa. Hivyo ndivyo wanawake wa Muksan wanavyoanza mazungumzo magumu.

"Nasikia unaumwa, mama."

"Kuna uvimbe tumboni. Daktari wa Wonju anataka anipasue. Nikamwuliza, ukishanishona nirudi wapi? Akacheka, akadhani namtania." Alitupa mizizi kwenye gazeti. "Nimemwambia auache. Umenikuta nao, utanizika nao."

"Nakichapa upya kile kitabu," Geumran alisema. "Kuna ukurasa nataka kuutoa."

Mama Du-man hakuuliza ukurasa gani.

"Usiutoe. Unajisumbua bure kwa kunionea huruma. Ni kweli nilipita."

"Mama..."

"Ngoja nikwambie. Bomba lilikuwa limeganda, nikatoka mapema na ndoo. Nilivaa kile kitambaa changu cha manjano. Du-man alikuwa analia ndani, kwa hiyo nikaharakisha, sikutazama njia. Nilipoinua macho wako mbele yangu wote, na mume wangu katikati. Hakusema neno. Alinitazama hivi." Aligeuza shingo polepole, akatazama juu ya bega kama mtu anayeaga.

Geumran alihisi chipukizi zikimteleza mkononi. Ndoo aliibuni yeye mwenyewe. Kitambaa pia. Lakini bomba lililoganda, mtoto anayelia na yale macho ya mume hayakuwemo kitabuni. Bibi huyu alikuwa ameuhariri ukurasa ule peke yake, mwaka hadi mwaka, akautengeneza vyema kuliko mwenyewe aliyeutunga.

Basi akamwambia. Alimwambia yote, ya tumbo la kuendesha na vyoo, ya baba yake, ya hofu ya nne iliyoisogeza namba kwa mlango mmoja. Alimwambia na kwamba alijua tangu mwaka wa kwanza.

Mama Du-man aliendelea kunyofoa. Alimaliza fungu zima.

"Na kitambaa?"

"Nilikitunga."

"Hapakuwa na kitambaa."

"Hapakuwa."

"Nimekitafuta miaka kumi na minane," alisema kikongwe. "Nimepekua masanduku yote. Nilimpigia mke wa Du-man huko Ulsan nikamwuliza kama alikichukua, tukagombana, sikukuu ya mavuno hawakuja, na ya mwaka wa pili hawakuja. Nilitaka nikichome. Nilijiambia nikikichoma kile, labda nitalala."

Geumran aliinama hadi paji la uso likagusa sakafu.

"Inuka, unanichafulia chipukizi." Sauti yake haikupanda. "Mama yako alikuwa akiniletea supu ya mwani kila siku yangu ya kuzaliwa. Kila mwaka, hata mwaka jana, naye mgonjwa, miguu imevimba. Nilikuwa nasema, jamani, mji mzima umenitupa lakini nina mtu mmoja. Kumbe."

Hakulia. Angelia, Geumran angejua la kufanya.

"Unataka nini kwangu? Nikusamehe?"

"Niambie wewe nifanye nini."

Mama Du-man alikunja gazeti lenye mizizi, akalikunja tena. "Siku ya tambiko uwaambie. Wote, mbele ya jiwe, na Gu wa kamati awepo. Mimi asubuhi sipandi, siwezi kwenda kusimama nikitazamwa. Nitapanda saa yangu, saa nane. Wakikuamini, mwakani nitapanda na wenzangu. Nataka nimmiminie mume wangu pombe mara moja tu na watu wakiwepo, asidhani nilikuwa namjia kwa kuiba."

Ukurasa ule aliokuwa ameshindwa nao mwezi mzima Geumran aliuandika asubuhi moja. Hakuweka ndoo wala rangi. Aliandika «nyumba ya nne», akaandika jina lake mwenyewe na jina la baba yake, akaandika «twendeni». Mpiga chapa alimtolea nakala arobaini za mwanzo kabla ya siku ya tambiko, naye akazibeba katika boksi moja hadi Muksan, akalipandisha mlimani mwenyewe, akitweta, mtaro wa maji meusi ukimsindikiza upande wa kushoto.

Jiwe la majina kumi na moja liko pale mdomo wa mgodi ulipozibwa kwa zege. Walikuwa wamefika watu kama thelathini, wengi wao wazee, na meza ilikwisha kupangwa: wali, peasi, samaki mkavu, bakuli kumi na moja. Mzee Gu Beom-do, mwenyekiti wa kamati, aliyempoteza kaka yake mle ndani, alishika nakala yake ya toleo la kwanza, iliyofungwa plastiki kama kitabu cha dini. Kila mwaka husoma ukurasa wa arobaini na moja kabla ya watu kusujudu.

"Mzee wangu, usisome huo," Geumran alisema. "Nimeandika mwingine."

Akasimama mbele ya meza akausoma. Alipomaliza alifungua boksi, akapita akimpa kila mtu kitabu, kwa mikono miwili, mmoja mmoja. Walipokea kwa mikono miwili. Adabu hawakukosa.

Mzee Gu alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

"Basi mtoto hahesabiki."

Hata maneno yalikuwa yaleyale ya baba yake.

"Mwiko ni wa mwanamke," Mzee Gu aliendelea kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa. "Mtoto anayekimbilia choo hajakata njia ya mtu. Kwa hiyo hiki ulichosoma ni kweli, labda, lakini hakituambii kitu."

"Na kama si mtoto, aliyekata ni nani?" aliuliza bibi mmoja nyuma.

"Hakuna, shangazi," Geumran alisema. "Hakuna aliyekata. Ilikuwa gesi."

"Ahaa. Gesi." Bibi yule alicheka kwa pua. "Ya gesi tulikwisha kuambiwa na serikali, wala hatukuhitaji mwandishi."

Mwingine akadakia, "Ya kwanza aliandika damu ikiwa bado moto. Hii ameandika mtu mzima mwenye huruma. Nani hajui Mama Du-man anakufa?"

"Nimetunga ile ya kwanza," Geumran alisema. "Nawaambia mimi niliyeitunga."

"Na hii ni nani aliyetunga?"

Wengine walicheka kidogo, si kwa ubaya. Mzee Gu alimshika kiwiko, akamvuta kando, kwenye kivuli cha jiwe.

"Sikiliza, mwanangu. Umeandika baba yako ndiye aliyesema twendeni. Jina la baba yako ni la sita pale, linaonekana? Kaka yangu ni wa saba. Nikikubali kitabu chako, mwakani nimwambie nani amsujudie wa sita? Watoto wa wale wengine watakubali kweli? Marehemu hana mdomo wa kujitetea."

"Mama Du-man anao, na hakuna anayemsikiliza."

"Mama Du-man amezoea," alisema Mzee Gu. "Mama yako angekuwa hai angekuzaba kofi. Hebu rudi kwenye mstari."

Mzee Gu alirudi kwenye meza, akafungua ile nakala ya plastiki, akasoma ukurasa wa arobaini na moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ndoo, kitambaa, kicheko. Geumran alisikiliza, na jambo la kutia uchungu kuliko yote ni kwamba ilisomeka vizuri. Lile toleo jipya lilikuwa kavu, la kweli, na masikio ya watu yalikuwa hayalitaki.

Walisujudu, wakamimina pombe, wakala. Wakati wa kushuka kila mmoja alimrudishia kitabu kwa mikono miwili. "Utawapa watu wa mjini," walimwambia. "Sisi tunacho chetu." Hakuna aliyekuja na kitabu akakitupa chini, na angekitupa labda ingekuwa nafuu. Vilirudi vyote arobaini ndani ya boksi. Geumran alilifunga, akalisogeza hadi nyuma ya jiwe, akaketi juu yake. Upepo ulikuwa mkali, akatandaza koti refu magotini hadi chini.

Saa nane na dakika chache aliona fimbo kwanza, kisha mkono, kisha Mama Du-man mzima akipanda hatua moja moja, mfuko wa plastiki ukining'inia kwenye kifundo cha mkono. Alikuwa amepaka nywele rangi. Miaka yote hiyo alipanda na nywele zake za mvi. Leo alikuwa amezipaka nyeusi, na doa la rangi lilibaki sikioni.

Alisimama mbele ya meza tupu mpaka pumzi ikamrudia. Hakumtazama Geumran.

"Wamesemaje?"

Geumran alikuwa amejiandaa. Tangu saa nne alikuwa akirudia jibu moyoni, maneno mawili matatu ya kweli, bila kuyapaka sukari. Mama Du-man alitoa chupa kwenye mfuko, akajaribu kukifungua kizibo mara mbili, kikamshinda.

"Wameamini," Geumran alisema.

"Nani kaamini?"

"Wote."

"Na Gu?"

"Gu ndiye aliyeanza. Alivua miwani, akakaa kimya. Kisha akasema..." Ilikuja yenyewe, sentensi moja ikiita nyingine, kama zamani. "Akasema, 'Tumemkosea dada yetu.' Akasema mwakani uje asubuhi, usimame mstari wa mbele."

"Alisema dada yetu?"

"Ndivyo alivyosema."

Mama Du-man aligeukia jiwe. Alimimina pombe, akapiga magoti kwa shida, akasujudu mara mbili, na mara ya pili alikaa chini muda mrefu. Midomo yake ilikuwa ikienda. Geumran hakutaka kusikia anachomwambia mumewe lakini alisikia: alikuwa akimwambia ya mwakani.

Alipoinuka alikuwa na vumbi kwenye paji la uso na uso wake wote umelegea, umekuwa wa mtu mwingine, wa mke wa jirani aliyekuwa akimpa Geumran viazi vitamu vya moto kupitia dirishani kabla ya mambo haya yote.

"Basi itabidi nifike huo mwakani," alisema. "Kesho nampigia yule daktari wa Wonju. Anipasue. Unadhani bado atakubali?"

"Atakubali, mama."

"Nimpigie na mke wa Du-man, nimwombe radhi ya kitambaa." Alifunga chupa. "Vile vitabu vyako vimekwisha?"

"Vimekwisha."

"Ungeniwekea kimoja. Nikitoka hospitali nataka nijisomee." Aliokota fimbo yake. "Twende basi, njia inateleza, na wewe umekaa kwenye baridi tangu asubuhi."

"Tangulia, mama," Geumran alisema. "Nakuja."

Mama Du-man alitangulia, akihesabu kwa sauti ya chini mambo ya kufanya: daktari, Ulsan, nguo nyeupe ya kuvaa mwakani. Geumran alibaki ameketi juu ya vitabu arobaini, koti amelivuta hadi chini, akingoja apotee kwenye kona ndipo ainuke.